Nauli ya Kurudi

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Nyanchama amesema niandike kila siku kwa mkono wa kulia, hata mstari mmoja. Nimeandika.

Jumanne, 11 Machi
Mvua tena. Mwanafunzi wa darasa la kwanza angeniletea mwandiko kama huu ningemrudishia daftari lake.

Ijumaa, 14 Machi
Mkono umetulia kidogo leo, basi nijieleze. Jina langu ni Phelesia Aoko, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, miaka thelathini na minne mbele ya ubao hapa Homa Bay. Mwezi wa Januari kiharusi kilinipiga nikipepeta mchele. Mguu wa kulia na mkono wa kulia vikaniasi. Nyanchama ndiye anayeninyoosha viungo kila Alhamisi hospitalini, msichana mpole wa uso na katili wa mikono. Binti yangu Celestine alikuja kutoka Nairobi kukaa nami wiki moja. Hii ni ya nane. Ananiogesha, ananipikia, ananishika kiuno tukienda chooni. Ni mtoto wangu wa pekee na sina neno la kumlaumu, isipokuwa ugali wake.

Jumapili, 16 Machi
Akina mama wa kanisa walikuja baada ya ibada. Wakauliza Celestine anafanya kazi gani huko Nairobi. Nikawaambia anacheza dansi ya kisasa. Wakauliza ikoje. Nikasema anacheza bila ngoma, wakati mwingine bila wimbo wowote, na watu hukata tiketi kumtazama. Mmoja akasema tumwombee.

Jumatano, 19 Machi
Leo nimesikia nisichotakiwa kusikia. Celestine alidhani nimelala. Alikuwa barazani akizungumza na wenzake kwa simu, akawaambia wamtafute mtu mwingine. Onyesho lao ni tarehe 31 Mei, kwenye ukumbi mkubwa ambao wameuomba miaka mitatu. Dansi ni yake, ameitunga yeye, na asipokuwa Nairobi kufikia tarehe 5 Mei nafasi hiyo wanapewa wengine. Alisema, "Siwezi kumwacha mathe. Hana mtu." Kisha akaingia jikoni, akafungulia maji ya mfereji muda mrefu bila kuosha chochote.

Mtu asiye na mtu ni mimi. Niliumia moyo kuliko nilivyoumia Januari.

Jumamosi, 22 Machi
Nimemwambia arudi Nairobi. Ameniuliza nitaoshwa na nani. Nikasema nitatafuta msichana wa kazi. Wawili tuliowahi kuwa nao walitoroka, na mmoja alisema wazi kwamba mimi ni mkali. Ndipo Celestine akasema lile nililolitarajia.

"Mpigie Auntie Emmaculate. Omena imepungua ziwani, hana samaki ya kuuza, hana kazi mingi saa hii."

Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Nikamwambia anajua kwa nini.

Alhamisi, 27 Machi
Nyanchama alinitembeza hatua tatu na mkongojo. Kurudi nyumbani nikakojoa garini. Basi.

Jumamosi, 29 Machi
Niandike habari ya Emmaculate, maana mbele ya daftari hili sina mtu wa kumwonea aibu. Ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mchuuzi wa samaki kisiwani Mfangano. Ujanani hakuna msiba kisiwani uliokamilika bila yeye. Wanawake wengine walilia kwa machozi. Yeye alilia kwa mwili mzima, akikimbia uwanjani na tawi mkononi, akikitishia kifo mpaka waliokaa wakasimama. Mume wangu alipofariki, Celestine akiwa na miaka kumi na miwili, Emmaculate ndiye aliyemshika mkono wakakimbia pamoja. Nadhani mtoto hakurudi sawasawa kutoka kwenye mbio zile.

Celestine alipofikisha miaka ishirini na miwili alikuwa ameitwa chuo cha ualimu. Nguo zilikuwa zimekunjwa. Asubuhi hiyo akatoweka, na jioni akanipigia simu kutoka Nairobi: amejiunga na kikundi cha dansi, nauli amepewa na shangazi yake. Nilimpigia Emmaculate. Nilimwambia, na ninakumbuka kila neno kwa sababu nililichagua, kwamba mwanangu hatakuwa mcheza matanga kama yeye. Hakunijibu. Tangu siku hiyo miaka tisa imepita na hatujasemezana. Maneno ya mwalimu hayafutiki kwa dasta.

Jumatano, 2 Aprili
Nimeshika simu, nikatafuta jina lake, nikaliangalia. Nikaiweka simu chini.

Jumatatu, 7 Aprili
Makubwa. Wachezaji hawakukubali kutafuta mtu mwingine. Wamekuja wenyewe, na gari la kukodi la Nairobi lililojaa magodoro: Byron, mrefu kama mlingoti wa bendera, Liz, mwembamba, hali nyama, na mapacha wawili wa Kayole ambao bado siwatofautishi. Watakaa wiki nne na kufanya mazoezi hapa uani kwangu. Celestine alilia, akajifanya ni mafua. Mimi niliwapangia zamu ya kuosha vyombo.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua mchana kutwa. Wamesukuma viti vyangu vya sebuleni ukutani, wanabiringika sakafuni. Nikauliza hapo wanamaanisha nini. Byron akasema, "Mathe, hapa hatusemi kitu. Ni body tu inaongea." Nikamwambia mwili ndio unaozungumza. Akarudia vizuri, mara mbili.

Jumamosi, 12 Aprili
Wananitazama. Nimewagundua. Nikijaribu kuinuka kitini, Liz huacha anachofanya akafuata bega langu kwa macho. Leo nimemwona nyuma ya tangi la maji akiinuka kama mimi, mguu ukiburuta, mkono umekunjwa kifuani. Nilikasirika. Nikamwita Celestine nikamuuliza kama amewaleta watu kunicheka nyumbani kwangu.

Akaketi miguuni pangu akanieleza. Dansi ile inanihusu. Inahusu siku niliyoanguka, na yeye akiwa Nairobi akipokea simu. Hajui imalizikeje, ndiyo maana anahangaika. Nikamwambia Liz anakosea: mguu unaoburuta ni wa kulia, yeye anaburuta wa kushoto.

Jumanne, 15 Aprili
Celestine amenyoa nywele zote, ati ni kwa ajili ya onyesho. Nikamwambia huku kwetu mtu hunyolewa akifiwa. Akacheka. Kichwa chake ni cha baba yake kabisa.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Wachezaji walikuja nami kanisani. Mapacha waliimba kuliko kwaya.

Jumatatu, 21 Aprili
Zimebaki wiki mbili. Celestine amesema watafanya mazoezi mpaka mwisho, halafu Liz atachukua nafasi yake naye abaki nami. Alisema polepole, kama mtu aliyezoea. Nikachukua simu tena. Nikapiga. Ikaita mara moja nikakata.

Alhamisi, 24 Aprili
Ya jana sikuweza kuyaandika jana. Naandika kwa vipande, nikipumzisha mkono.

Asubuhi jua lilitoka. Nilikunywa dawa, ambayo hunilaza kama gogo, nikaingia chumbani. Nje wakaanza kile kipande chao kigumu. Nimeelezwa baadaye kilivyokuwa: Liz amelala, amefungwa shuka jeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, shuka langu mwenyewe. Byron na mapacha wanamtoa ndani ya nyumba mabegani, polepole, bila sauti, wanavuka ua kuelekea langoni. Celestine anafuata nyuma, kichwa kimenyolewa, mikono kichwani. Viti vya sebuleni walikuwa wamevipanga uani mistari miwili.

Wakati huo huo Jacktone wa bodaboda aliniletea gunia la makaa. Jacktone ni shemasi, si mtu wa uvumi. Alisimama langoni, akaona maiti ikitoka nyumbani kwa mwalimu aliyeugua tangu Januari, akaona binti kanyolewa, akaona gari la Nairobi. Akavua kofia. Hakuingia, kwa heshima. Akashusha makaa kimya, akavunja tawi kwenye ua wangu, akalifunga mbele ya pikipiki, ishara ya msiba kwetu, akaenda mjini akipiga honi.

Sisi Wajaluo tuna uvivu wa mambo mengi, lakini si msiba. Kufikia saa tano kundi la Wasapu la kamati ya mazishi lilikuwa limefunguliwa, na Bwana Oyaro, aliyekuwa mwalimu wangu mkuu, alikuwa mwenyekiti. Saa tano na nusu hema lilikuwa linasimamishwa mbele ya nyumba yangu. Kufa kufaana.

Niliamshwa na nduru. Nilivyoisikia nikajua ni msiba, tena wa karibu. Nikajiuliza ni nani. Nikawaza jirani yangu mwenye sukari. Ndugu msomaji, ambaye ni mimi, mtu akifiwa jirani huendi kutafuta mkongojo. Unakwenda. Nilijifunga leso, nikatoka chumbani, nikapita korido, nikashika fremu ya mlango wa mbele.

Uani palikuwa pamejaa. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemshika Celestine, wanne, wanamlilia. Na Celestine, aliyetoka nyuma ya nyumba alikokuwa akinywa chai na wenzake, hakujua kwamba wamekosea. Alidhani mimi nimekufa usingizini yeye akicheza. Uso ule sitausahau. Alikuwa akijinasua ili akimbilie chumbani, na hawakumwachia.

Nikauliza kwa sauti ya darasani, "Nani amekufa?"

Mzee mmoja alikaa chini kwenye matope. Oyaro alikuwa amesimama na karatasi mkononi, akisema katika miaka yote ya kazi sikuwahi kuchelewa hata siku moja. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "tumeambiwa ni wewe."

Celestine aliwapita wote. Alianguka mlangoni akanikumbatia miguu yote miwili, mzima na mgonjwa, akalia kama alivyolia msiba wa baba yake. Nilitaka kumwambia aache, lakini na mimi nilikuwa nalia. Ni Liz aliyeona la maana. Alikuwa bado ana shuka mabegani, na wanawake wawili walikuwa wamemkimbia. Akasema, "Si ni kama umetembea bila fimbo?"

Nikageuka nikatazama korido. Mkongojo wangu ulikuwa umeegemea kitanda. Byron alikwenda akahesabu. Hatua kumi na moja.

Mkono umechoka.

Ijumaa, 25 Aprili
Naendelea. Hema lilikuwa limesimama na sufuria ziko motoni, basi watu wakala. Mchungaji akaomba maombi ya shukrani. Wazee wawili wakasema mtu akililiwa yu hai lazima kitu kichinjwe. Mchungaji akanuna kidogo. Akachinjwa kuku, ambaye alikuwa wa kuliwa hata hivyo. Jacktone aliniomba msamaha akitazama viatu vyake. Nilimwambia ameniletea watu wote niliodhani hawapo, na makaa pia.

Kwa kweli sijawahi kupumua vile. Nilikaa kwenye kiti chini ya hema la mazishi yangu, sahani mapajani, nikasikiliza watu wakipunguza sifa walizonipa asubuhi.

Saa tisa tukasikia nduru nyingine, mbali, kutoka barabarani. Watu wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka Mfangano. Habari zilimfikia Emmaculate akiwa sokoni; akapanda boti hadi Mbita, simu ikazima, akapanda gari, akashuka stendi, na kutoka stendi alikuwa anakuja kwa miguu akilia. Oyaro aliinuka aende kumzuia langoni. Nikamshika shati.

Mungu anisamehe. Nilitaka kuona.

Aliingia akikimbia. Ana miaka sitini na mitatu, goti moja limevimba, gauni lina magamba ya samaki. Tawi mkononi. Watu walifungua njia bila kuambiwa. Alikwenda mbio mpaka ukuta wa nyumba, akageuka, akarudi, akakanyaga ardhi kwa mguu mmoja mara tatu, akalinyooshea tawi ziwa kana kwamba aliyenichukua amejificha huko. Byron aliweka sahani yake chini. Mapacha walisimama. Emmaculate alikuwa akiimba kwa Dholuo, nami naandika kwa Kiswahili: "Mama Celestine, umekwenda kabla sijakujibu! Miaka tisa nimelibeba jibu, sasa nimpe nani?"

Alipogeuka mara ya tatu, akaniona. Nilikuwa na paja la kuku mkononi.

Tawi lilibaki juu. Pumzi zake zilisikika mpaka jikoni. Akaniangalia, akaangalia hema, akaangalia watu.

"Nijibu basi," nikasema. "Niko."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akafuta jasho kwa gauni. "Min Celestine," akasema, yaani mama yake Celestine, "hiyo siku nilimpatia nauli ya kwenda na ya kurudi. Nilimwambia, ukifika na roho ikatae, panda gari usiku huo huo urudi kwa mamako. Sikumwiba."

Nilimtazama Celestine. Akatikisa kichwa kukubali. Ile ya kurudi aliila mwezi wake wa kwanza Nairobi, akaona haya kuniambia.

Miaka tisa. Nilikuwa nimekariri kila neno nililomtupia, na sikuwahi kumuuliza hata moja. Nilimwambia nimekosa. Nililisema mbele ya kamati nzima, ili wasihitaji kufungua kundi lingine la Wasapu. Emmaculate akasema sawa, kisha akauliza kama kuku amebaki, maana amelia kutoka stendi na njaa.

Jumamosi, 26 Aprili
Hajaondoka. Asubuhi ameniogesha. Ana mikono migumu kuliko Nyanchama na hasemi pole. Nikamwuliza atarudi lini kisiwani. Akasema omena wakirudi, watamwita.

Jumatatu, 28 Aprili
Celestine alimwomba shangazi yake ruhusa ya kuziweka zile mbio kwenye dansi. Emmaculate hakujua kama kitu kile kinaombewa ruhusa. Akamwambia afanye aone. Celestine akakimbia na tawi, machozi tele. Shangazi yake akamsimamisha.

"Wacha kulia na uso. Uso ni ya watu ya kuangalia. Lia na miguu."

Wamerudia mpaka giza likaingia. Byron sasa anamwita Emmaculate "Mwalimu." Nimevumilia.

Alhamisi, 1 Mei
Mvua kubwa. Hatua kumi na tano, na mkongojo, maana bila nduru siwezi.

Jumapili, 4 Mei
Wameondoka asubuhi, wote watano na magodoro yao. Celestine alisimama langoni muda mrefu, kichwa kimeanza kuota nywele. Nikamwita nikamtia bahasha mkononi. Akasema gari limeshalipiwa. Nikamwambia hiyo ni nauli ya kurudi, aihifadhi, na safari hii asiile. Emmaculate aligeuka akajifanya anafukuza mbuzi ambaye hakuwepo.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimelia kidogo, kisha nikalala vizuri sana.

Jumanne, 13 Mei
Tumegombana kuhusu chumvi kwenye mboga. Amenuna mpaka saa kumi. Nimefurahi kuwa na mtu wa kununiana naye.

Alhamisi, 22 Mei
Nyanchama amenipima mkono. Ninaweza kushika kikombe kitupu. Akauliza nafanya mazoezi gani. Nikamwonyesha daftari hili. Alisoma kurasa za Aprili akacheka mpaka mgonjwa mwingine akachungulia.

Jumamosi, 31 Mei
Leo. Onyesho lilikuwa la saa tisa mchana. Rafiki yao mmoja aliketi mstari wa nyuma akatupigia simu ya video. Tuliketi barazani, Emmaculate ameshika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Akina mama wa kanisa walikuja watatu, bila kualikwa, mmoja akiwa yule wa tumwombee.

Nilimwona Liz akianguka na ungo. Nilimwona akiburuta mguu, wa kulia. Wakamfunga shuka, wakambeba, na ukumbi mzima ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mtu wa Nairobi akikohoa. Halafu Celestine akaingia akikimbia na tawi. Hakulia na uso. Akaenda, akarudi, akakanyaga mara tatu, na hapo Emmaculate akasema, "Mama yoo," akataka kujifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Simu ikawa inaanguka.

Nikaidaka. Sikufikiri ni mkono upi. Liz alikuwa amejivua shuka, amesimama, anatembea peke yake kuelekea mwangani, na tulikuwa tukihesabu kwa sauti, sisi watano barazani, moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na moja alisimama akauliza watu wote wale, kwa Kiswahili safi, nani amekufa. Kwanza walicheka. Kisha nikawasikia wakipangusa pua.

Emmaculate alinigusa kiwiko, akanionyesha kwa kidevu. Simu ilikuwa kwenye mkono wangu wa kulia. Ilikuwa inatetemeka, na picha pia, lakini sikumpa mtu. Niliishika mpaka watu wa Nairobi walipomaliza kupiga makofi, na walikawia sana kumaliza.